Maumivu ya bega kwa wakulima na wabeba mizigo wa Kamsamba: chanzo, matibabu na dalili za hatari

Msimu wa mavuno ya mpunga unapofika katika Bonde la Mto Momba, karibu kila kazi nzito ya Kamsamba hupita begani. Mpunga hukatwa kwa mundu, hupigwa ili punje zitoke, hupepetwa na kujazwa kwenye magunia. Kisha magunia hayo hubebwa kutoka shambani hadi kwenye mkokoteni, kutoka kwenye mkokoteni hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi kwenye lori linaloelekea Mlowo, Tunduma au ng'ambo ya mto upande wa Mkoa wa Rukwa. Ufuta nao hufuata njia hiyo hiyo. Wiki chache baadaye, baadhi ya waliobeba magunia hayo hawawezi kuvaa shati bila kusaidiwa, hawawezi kulalia upande mmoja, na wanapoinua mkono kuchukua kitu juu ya kabati husikia maumivu makali yanayoshuka hadi katikati ya mkono.

Kwa kuwa maumivu hayo huja na msimu na hupungua kazi inapopungua, wengi huyahesabu kuwa uchovu wa kawaida. Vidonge hununuliwa dukani, bega huchuliwa kwa mafuta, na kazi huendelea. Utaratibu huo huwatosha baadhi ya watu, kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu ya bega hupungua yenyewe. Lakini wapo ambao bega lao hukakamaa polepole hadi mkono usipande tena, wapo ambao kano imechanika nao wanaendelea kuitwisha mizigo, na wapo wachache ambao bega linawauma ilhali ugonjwa uko moyoni, tumboni au shingoni. Kuwatambua watu hao mapema ni muhimu zaidi kwa mkazi wa Kamsamba, ambaye safari ya kwenda hospitali kubwa kwa barabara ya Mlowo humgharimu nauli na siku za kazi.

Jinsi bega lilivyoundwa

Bega ndilo kiungo chenye mwendo mpana kuliko vyote mwilini. Huuwezesha mkono kufika juu ya kichwa, nyuma ya mgongo na mbele ya kifua. Uhuru huo una gharama yake. Mfupa wa paja umekaa ndani ya tundu lenye kina kwenye nyonga, ilhali kichwa cha mfupa wa juu wa mkono kimeegemea kijisahani kidogo kisicho na kina kwenye kombe la bega, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kinachokizuia kichwa hicho kisiteleze ni nyama zaidi kuliko mfupa: misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega, ambayo kano zake hukizunguka na kukibana mahali pake kila mkono unapoinuka. Juu ya kano hizo kuna kifuko chembamba chenye ute kinachopunguza msuguano, na juu yake tena kuna ncha ya kombe la bega inayoungana na mtulinga. Kano hufanya kazi katika nafasi hiyo finyu.

Ndiyo maana kazi zinazolichosha bega zaidi ni zile zinazofanyika mkono ukiwa umeinuliwa. Anayepura mpunga kwa kupiga huinua fungu juu ya kichwa na kulishusha kwa nguvu mamia ya mara kwa siku. Mama anayetoka kuchota maji hushikilia ndoo kichwani kwa mkono mmoja kwa muda mrefu, mara nyingi ule ule. Anayenyunyizia dawa shambani hubeba bomba mgongoni, mikanda ikikata mabega, huku mkono mmoja ukisukuma mpini bila kupumzika. Wavuvi wa Ziwa Rukwa huvuta nyavu, na mwendesha bodaboda hushikilia usukani kwenye njia mbovu kuanzia asubuhi hadi usiku.

Chanzo kinachoonekana mara nyingi

Tatizo la kwanza kwa wingi ni la kano zenyewe. Kano iliyofanyishwa kazi kupita uwezo wake, hasa baada ya miezi ya kazi nyepesi, huuma na kudhoofika. Mgonjwa husikia maumivu upande wa nje wa bega na sehemu ya juu ya mkono, wala si juu ya bega karibu na shingo. Huumia zaidi anapoinua mkono pembeni na anapolalia upande huo usiku. Mkono ukiinuliwa na mtu mwingine hupanda vizuri kuliko anapouinua mwenyewe, na tofauti hiyo humsaidia mtaalamu wa afya kutambua kuwa tatizo liko kwenye kano, kiungo chenyewe kikiwa bado huru.

Kano pia huchanika. Kwa kijana, jambo hilo hutokea zaidi kwa ajali au kwa kudaka mzigo unaoanguka. Kwa mtu aliyepita miaka 40 huweza kutokea kidogo kidogo, kwa sababu kano hupoteza uimara wake kadiri umri unavyosogea. Si kila kano iliyochanika huuma, kwani watu wengi wazee wana michaniko wasiyoijua na wanafanya kazi zao kama kawaida. Kwa hiyo picha inayoonyesha mchaniko haithibitishi peke yake kwamba ndio chanzo cha maumivu, wala haimaanishi kwamba mgonjwa anahitaji upasuaji.

Tatizo la pili, linalochanganywa mno na la kwanza, ni bega kuganda. Hapa mfuko unaokizunguka kiungo huvimba, kisha hunenepa na kujikunja. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko watu wengine. Huanza kwa maumivu makali, hasa usiku, bila ajali yoyote ya kuyaeleza. Baada ya miezi kadhaa maumivu hupungua, lakini mkono unakuwa haupandi, haugeuki nje na haufiki mgongoni, hata ukisukumwa na mtu mwingine. Hatimaye bega hulegea taratibu. Mzunguko wote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na baadhi ya wagonjwa hubaki na ukakamavu kiasi. Wapo wanaohama kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine katika kipindi hicho, na bega linapoanza kulegea lenyewe sifa humwendea wa mwisho.

Kwa kuwa uhusiano wa bega kuganda na kisukari unajulikana vizuri, mtu mwenye umri wa kati aliyekakamaa bega bila ajali anastahili kupimwa sukari kwenye damu. Wapo wanaogundua kisukari chao kwa njia hiyo.

Tatizo la tatu ni ajali. Bega ndilo kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi zaidi mwilini, na karibu kila mara kichwa cha mfupa hutoka kuelekea mbele. Bega hupoteza umbo lake la mviringo, ncha ya mfupa hujitokeza juu, na mgonjwa huushikilia mkono kwa mkono wa pili bila kuthubutu kuutikisa. Anayeanguka kutoka kwenye pikipiki huweza pia kuvunjika mtulinga, mfupa ambao kwa kawaida huunga vizuri kwa kutundikwa mkono kwenye kitambaa kwa wiki kadhaa, isipokuwa ncha zake zikiwa zimeachana sana au zimetoboa ngozi.

Bega lililoteguka hurudishwa na mtu aliyefunzwa, baada ya mgonjwa kupewa dawa ya maumivu na, inapowezekana, baada ya picha ya eksirei. Kulivuta kwa nguvu kijijini, mguu ukiwa umewekwa kwapani, kunaweza kuvunja mfupa au kuharibu mshipa wa fahamu na wa damu vinavyopita hapo hapo. Msaada sahihi wa awali ni kuufunga mkono kifuani kwa khanga au kitenge jinsi mgonjwa mwenyewe anavyouona una nafuu, kuangalia kama vidole vina joto na hisia, na kumpeleka kituoni bila kuchelewa. Bega likirudishwa ndani ya saa chache huwa rahisi, lakini likikaa siku nyingi nje huenda likahitaji upasuaji. Kijana aliyeteguka mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuteguka tena, hivyo mazoezi ya kuimarisha misuli baada ya kupona ni sehemu ya matibabu yake. Aliyepita miaka 40 akishindwa kuinua mkono hata baada ya bega kurudi achunguzwe kama kano zimechanika.

Bega linapouma na ugonjwa uko kwingine

Sehemu hii haina wagonjwa wengi, lakini ndiyo inayopoteza maisha. Mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa kutoka begani huingia katika uti wa mgongo karibu na ile inayotoka kwenye moyo na kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Ubongo hukosea anwani, na mtu husikia begani maumivu yanayotoka ndani.

Maumivu ya bega au mkono, hasa wa kushoto, yakiambatana na kifua kubana, jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, ni ya moyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwanamke aliyekosa hedhi akapata maumivu ya tumbo, kizunguzungu na maumivu ya ghafla kwenye ncha ya bega anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi na inayovuja damu tumboni. Huyo hahitaji kuchuliwa bega, anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Aliyepata ajali ya pikipiki na kulalamika bega la kushoto, ilhali bega lenyewe halina jeraha wala halizuiliki kusogea, anaweza kuwa amepasuka bandama. Kibofu cha nyongo na ini huweza kuumiza bega la kulia.

Maumivu yanayoanzia shingoni na kushuka mkononi pamoja na ganzi au udhaifu wa vidole hutoka kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa. Bega lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa linaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo, na usaha huo huharibu gegedu kwa siku chache tu. Maumivu ya muda mrefu yenye homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito humtaka mgonjwa apimwe kifua kikuu, ugonjwa ambao hushambulia pia mifupa na viungo. Kwa mwenye ugonjwa wa seli mundu, bega linalouma kwa wiki nyingi huweza kuashiria kichwa cha mfupa kilichokosa damu.

Uchunguzi

Katika zahanati au kituo cha afya, maswali na mikono ya mtaalamu hutoa majibu mengi kuliko mashine. Mgonjwa huulizwa maumivu yalianza lini na kwa kazi gani, kisha huombwa kuinua mkono mbele na pembeni, kuugeuza nje kiwiko kikiwa kimeshikamana na ubavu, na kuupeleka mgongoni. Shingo huchunguzwa pia. Kwa wagonjwa wengi wasio na ajali wala dalili za hatari, hayo yanatosha kuanza matibabu. Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, kiungo kilichoteguka au kilicholika, lakini haionyeshi kano. Kano huonekana kwa ultrasaundi au kipimo cha MRI, ambavyo huhitajika zaidi pale upasuaji unapofikiriwa.

Rufaa hupanda ngazi kwa ngazi: kutoka kituoni hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iliyopo Vwawa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa upasuaji mgumu wa mifupa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996. Wanaohitaji kufika ngazi za juu ni wachache. Wengine wote, dawa yao kuu inaweza kutolewa Kamsamba.

Mazoezi ndiyo dawa kuu

Kwa kano zilizochoka na hata kwa michaniko mingi midogo, matibabu ya kwanza ni kupunguza kazi iliyosababisha maumivu na kuanza mazoezi maalumu. Kupunguza hakumaanishi kuufunga mkono. Bega lililofungwa kwa wiki nyingi bila sababu hukakamaa, na misuli yake hupungua. Anayepura mpunga anaweza kuhamia kwenye kupepeta au kushona magunia kwa wiki chache, na anayebeba ndoo anaweza kutumia chombo kidogo na kubadilisha mikono.

Zoezi la kwanza ni la kuning'iniza mkono. Mgonjwa huinama akiegemea meza au kiti kwa mkono mzima, huuacha unaouma uning'inie kwa uzito wake, kisha huuzungusha taratibu kwa miduara midogo kwa dakika moja au mbili, mara mbili au tatu kwa siku. La pili ni kupandisha vidole ukutani hatua kwa hatua hadi mahali maumivu yanapoanza, na kushuka. La tatu hufanyika mgonjwa akiwa amelala chali, ameshika fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima ukiusukuma unaouma kuelekea juu na kisha kuelekea nje.

Maumivu yakipungua huja mazoezi ya nguvu. Mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukikatwa kipande kirefu na kufungwa kwenye nguzo, hufanya kazi sawa na vifaa vya mpira vinavyotumika hospitalini. Mgonjwa husimama, kiwiko kimekunjwa na kushikamana na ubavu, huuvuta mpira kuelekea nje na kuurudisha polepole, mara 10 hadi 15, kwa duru tatu, siku tatu kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kosa, lakini yakiendelea hadi asubuhi ya pili, kipimo kipunguzwe. Matokeo huchukua muda, mara nyingi wiki 12 hivi, na hapo ndipo wengi hushindwa. Huacha wiki ya tatu kwa kuwa hawajaona nafuu, au huacha wiki ya nne kwa kuwa wameiona.

Bega lililoganda huhitaji upole zaidi. Katika kipindi cha maumivu makali, kulilazimisha huongeza uvimbe, na mazoezi ya kunyoosha hupewa nafasi kubwa maumivu yanapotulia. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo, ikichomwa na mtaalamu aliyefunzwa, huweza kuleta nafuu ya wiki kadhaa katika hatua za mwanzo. Mwenye kisukari hana budi kuambiwa mapema kwamba sukari yake itapanda kwa siku chache baada ya sindano hiyo. Haifai kurudiwa mara kwa mara.

Dawa za kupunguza maumivu zina nafasi ya kumwezesha mgonjwa kulala na kufanya mazoezi. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa wengi, ilimradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni na diklofenaki huwa na nguvu zaidi dhidi ya uvimbe, lakini humezwa baada ya chakula na kwa siku chache. Hazimfai mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu bila ushauri wa daktari. Sindano ya diklofenaki kwenye takoni, ambayo wagonjwa wengi huiomba wakiamini ni tiba kubwa, ni dawa ile ile ya kidonge. Huanza kazi haraka kidogo, basi.

Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi husaidia katika siku mbili za mwanzo baada ya jeraha, na cha uvuguvugu huliburudisha bega lililokakamaa. Kuchua kwa upole hakuna madhara kwa bega lisilovunjika. Madhara huja kwa kuvuta, kwa kuchoma ngozi, na kwa chale zinazochanjwa kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine, ambazo huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Uzito wa gunia

Mazoezi hayatadumu ikiwa bega litarudishwa kwenye mzigo ule ule. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo husimamia marufuku ya lumbesa. Mjadala wa lumbesa umekuwa zaidi juu ya mkulima anavyopunjwa bei, na ni mjadala wa haki. Lakini lumbesa ina mtu chini yake. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja. Gunia la kilo 100 lililofungwa kihalali ni karibu mara mbili ya hapo, na lumbesa huzidi.

Vikundi vya wapakiaji vinaweza kukubaliana na wanunuzi kutumia magunia ya kilo 50, au kubeba gunia kubwa kwa watu wawili, au kutumia ubao wa kuteremshia na toroli pale lori linapofikika. Gunia likiwekwa juu ya meza au ukuta wa kimo cha kiuno kabla ya kutwikwa, bega huepuka sehemu mbaya kuliko zote, ile ya kulinyanyua kutoka chini na kulirusha juu. Kubadilisha bega kila safari husaidia, ingawa kila mbebaji ana bega analolipendelea na hulirudia bila kujua.

Mwenye mwajiri ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263, inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara, wa umma au binafsi, kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na kutoa taarifa ya mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Taarifa hiyo hutegemea kumbukumbu, hivyo mfanyakazi wa ghala au kiwanda cha kukoboa mpunga aliyeumia bega amjulishe msimamizi siku hiyo hiyo na ahakikishe daftari la kituo cha afya limeandika kazi aliyokuwa akiifanya, pamoja na mahali panapouma. Anayejitegemea, anayelipwa kwa kila gunia na wenye mizigo tofauti, hana mwajiri wa kumtolea taarifa. Kwake, kinga iliyopo ni bima ya afya, ambayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kuifikisha kwa kila kaya. Wakati mwafaka wa kujiunga ni mara baada ya mavuno, fedha za mpunga zikiwa bado mkononi.